Mkopo wa IST au nyumba karibu na kituo? Jibu kwa msomaji wa Goba

Swali: "Mimi na mume wangu tumepanga Goba, ndani kidogo, kama kilomita moja na nusu kutoka lami. Mimi nafanya kazi Posta, yeye yuko Mbezi Luis. Tuna watoto wawili, wa miaka 6 na 11. Kodi ni 300,000 kwa mwezi. Natoka saa 11 alfajiri, narudi saa 2 usiku nikiwa hoi. Benki imekubali kunikopesha milioni 14 ninunue Toyota IST ya mkononi, makato 500,000 kwa mwezi kwa miezi 36. Kila mtu ananiambia huwezi kulea familia Dar bila gari. Je, ni kweli? Watoto wakiugua usiku tutafanyaje? Na mama mkwe ambaye nampeleka kliniki Muhimbili kila mwezi?"

Jibu: Dada, usisaini kwanza. Kwa maelezo uliyotoa, ningekushauri mhame nyumba kabla ya kununua gari. Kinachokumaliza ni umbali na mabadilisho ya njiani, na IST haitapunguza hata kilomita moja kati ya Goba na Posta. Utakaa kwenye foleni ileile, safari hii ukiwa umeshika usukani.

Tuanze na hesabu, maana benki imekuonyesha makato tu, haijakuonyesha gari linakula nini. Goba hadi Posta ni kama kilomita 24, kwenda na kurudi 48. Kwa siku 22 za kazi ni kilomita 1,056. Ukiongeza sokoni, ibada na kwa ndugu, weka 1,200. IST ya injini ya 1300 kwenye barabara iliyofunguka huenda kilomita 14 hivi kwa lita, lakini kwa foleni ya asubuhi na jioni, AC ikiwa imewashwa, panga kwa kilomita 10. Hapo ni lita 120. EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Tuchukue 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi, na mafuta peke yake yanakuwa 360,000.

Gari la mkopo benki itataka likatiwe bima kubwa. Kiwango chake cha chini kwa gari binafsi ni asilimia 3.5 ya thamani, kwa hiyo milioni 14 inatoa 490,000, na VAT ya asilimia 18 inaifikisha 578,200 kwa mwaka, yaani kama 48,000 kwa mwezi. Usishawishike na mtu wa kukwambia ukate bima ndogo ya 118,000. Gari likiibiwa au likiungua, bima ndogo haikulipi wewe, na deni la benki linabaki palepale. Maegesho mjini weka 2,000 kwa siku, ni 44,000. Kuosha 20,000. Matengenezo weka 100,000, na hapo sijakuza: oili na filta kila kilomita 5,000 maana yake ni kila baada ya miezi minne, matairi yana zamu yake, halafu kuna ile kilomita moja na nusu ya vumbi na mawe mara mbili kwa siku. Njia ya namna hiyo huanza na linki za stabilaiza na bushi, unasikia mbele kunagonga kila ukivuka shimo, kisha shokapu zinafuata. Ada ya leseni ya barabara ilifutwa mwaka 2017, kwa hiyo usiiweke. Ilihamishiwa kwenye bei ya mafuta na utailipa pampuni.

Jumla ya uendeshaji ni 572,000. Ongeza makato, ni 1,072,000 kutoka mfukoni kila mwezi. Ili tulitendee gari haki, tuseme baada ya miaka mitatu utaliuza milioni 8. Utakuwa umelipa benki milioni 18, umerudishiwa 8, milioni 10 zimepotea, sawa na 278,000 kwa mwezi. Kwa hiyo gharama halisi ya IST ni 850,000 kwa mwezi, na mumeo bado analipa nauli yake, kwa sababu yeye anaelekea Mbezi na gari linaelekea mjini.

Sasa upande wa pili. Boda hadi lami 1,000, daladala hadi Makumbusho, kisha Makumbusho hadi Posta. Kwa viwango vya LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, vilivyoanza Desemba 2023, daladala ya mjini isiyozidi kilomita 10 ni 600, na ya kilomita 11 hadi 15 ni 700. Weka 2,300 kwa safari moja, 4,600 kwa siku, kama 101,000 kwa mwezi. Mumeo weka 60,000. Sasa ongeza kitu ambacho familia nyingi zisizo na gari husahau kukipangia: fedha ya teksi. Tenga 200,000 kila mwezi kwa ajili ya siku za mvua kubwa, za kuchelewa kutoka kazini, za mgonjwa na za sherehe, pamoja na 60,000 ya bajaji na kirikuu, yaani pikapu ndogo ya mizigo. Jumla yote ni 421,000 kwa familia nzima. Ukiwa na IST ungetumia 910,000 ukijumlisha nauli ya mumeo. Tofauti inakaribia 490,000 kwa mwezi.

Nasisitiza ile 200,000. Watu wengi wanaosema hawawezi kuishi bila gari kwa kweli hawawezi kuishi bila gari na bila hela ya teksi. Anayejinyima teksi siku ya mvua, akanyeshewa na mtoto mgongoni, ataingia benki Jumatatu kuomba mkopo wa gari. Iweke kwenye laini ya simu tofauti au kibubu cha M-Pesa au Mixx, siku ya mshahara, na isiguswe kwa kitu kingine. Mwezi ukiisha ikiwa imebaki, inahamia mwezi unaofuata.

Lakini hesabu hizo hazikuondolei uchovu, kwa hiyo tuangalie saa zako zinapotelea wapi. Goba iko katikati ya njia. Daladala za Mbezi kwenda Makumbusho zinapofika kwako asubuhi viti vimeshajaa kutoka Mbezi. Unasubiri, unasimama, unashuka Makumbusho, unaanza upya kutafuta la Posta. Jioni ni kinyume chake na ni pabaya zaidi, kwa sababu wote mnaoondoka mjini mnatoka kwa pamoja. Mahali pa kuponea ni pale ambapo gari linaanzia, au pale ambapo huhitaji kubadilisha.

Wewe unaenda Posta na mumeo yuko Mbezi Luis, na sehemu hizo mbili ziko juu ya barabara moja, Morogoro Road. Tafuteni nyumba juu ya mstari huo: Kimara Mwisho, Korogwe, Bucha, Baruti, au mkiweza, Ubungo na Shekilango. Mwendokasi ya Kimara hadi Kivukoni imekuwepo tangu Mei 2016, inapita kwenye njia yake yenyewe, na inakushusha Posta ya Zamani au Kivukoni bila kubadilisha. Basi likija kwa wakati, Kimara hadi Posta ni chini ya saa moja hata wakati magari binafsi yamesimama Manzese. Mumeo atakuwa anakwenda kinyume na umati: asubuhi watu wanaingia mjini, yeye anatoka. Kiti kipo.

Nitakuwa mkweli kuhusu mwendokasi. Ubovu wake mkubwa kwa miaka mingi umekuwa upungufu wa mabasi. Njia ni nzuri, lakini ukifika saa 1 asubuhi ukakuta jukwaa limefurika, njia nzuri haikusaidii. Ndiyo maana ninaanza na Kimara Mwisho na Korogwe. Ukipandia mwanzoni una nafasi ya kuingia, na pengine kukaa. Ukipanga Kibo au Baruti kwa sababu kodi ni nafuu au nyumba ni nzuri, jiandae kuona mabasi mawili matatu yakipita yamebana mlango. Jioni fanya vivyo hivyo: kama ofisi iko Posta, tembea hadi Kivukoni ukapandie pale linapoanzia badala ya kulisubiri Posta ya Zamani. Ni matembezi mafupi na yanakupa kiti.

Nyumba yenyewe ikaguliwe kwa miguu. Dalali atakupeleka saa 5 asubuhi, jua limewaka, atakwambia kituo "kipo hapo tu". Mwambie asante, kisha rudi wewe na mumeo mara tatu bila yeye: saa 11 na nusu alfajiri, saa 2 usiku, na siku ambayo mvua imenyesha. Pima kwa simu dakika za kutoka mlangoni hadi kituoni kwa mwendo wako wa kawaida, ukiwa na viatu vya kazini. Dakika 10 ni nzuri. Dakika 15 inavumilika. Ikizidi hapo utaanza kupanda boda kila siku, na boda ya 1,000 asubuhi na jioni ni 44,000 kwa mwezi ambayo ingeingia kwenye kodi ya nyumba iliyo karibu. Kimara kuna vilima na makorongo. Nyumba iliyo mita 400 kutoka barabarani kwenye ramani inaweza kuwa upande wa pili wa korongo, na mvua ikinyesha kivuko cha magogo hakipitiki. Usiku angalia taa, mbwa, na kama maduka ya njiani yanakuwa wazi. Njia yenye genge, muuza chipsi na kijiwe cha boda saa 3 usiku ni salama kuliko njia ya mkato iliyo kimya.

Angalia pia kama nyumba ina njia mbili za kufika mjini zisizotegemeana. Hili nitalirudia kwenye mvua.

Tuseme nyumba ya namna hiyo unaipata kwa 420,000. Kodi imeongezeka 120,000. Boda ya kila siku imeondoka, daladala mbili zimegeuka safari moja, kwa hiyo nauli yako inaweza kushuka kwa 50,000 au zaidi. Kwa hiyo kuhama kunakugharimu kama 70,000 kwa mwezi, na bado upo chini sana ya gari. Gharama itakayouma ni ya siku ya kuhama: mwenye nyumba atataka kodi ya miezi 6 mkupuo, dalali atataka yake ya mwezi mmoja, na Canter ya kubeba vyombo. Panga kama milioni 3 na ushee. Ni fedha nyingi, lakini ni miezi sita tu ya yale makato uliyokuwa tayari kuyalipa miezi 36. Usihame katikati ya muhula. Muhula unakatika Juni na Desemba, na mtoto wa miaka 11 anayekaribia mtihani wa darasa la saba asisumbuliwe kabisa kama amebakiza mwaka mmoja. Hapo vumilieni hadi amalize.

Kama mkataba wa Goba bado unaendelea, kuna mambo ya kufanya kuanzia wiki ijayo.

Jaribu njia ya nyuma: badala ya kusubiri la Makumbusho, panda daladala linaloelekea Mbezi, kisha mwendokasi au basi la kuunganisha hadi Kimara na uendelee mjini. Kwenye ramani inaonekana kama unazunguka. Kwa saa, mara nyingi unafika mapema, kwa sababu unakwenda kinyume na umati hadi Mbezi na sehemu ndefu iliyobaki ina njia yake. Ipime kwa wiki nzima ukiandika saa ya kutoka na ya kufika, kisha pima wiki moja ya Makumbusho, ulinganishe.

Jioni Makumbusho, kugeuza na gari kuna maana kwa safari ndefu tu. Unapanda daladala likiwa bado linaingia, kituo kimoja au viwili kabla ya stendi, unabaki kwenye kiti, unageuka nalo. Konda atakutoza nauli mbili. Kulipa 600 zaidi ili ukae saa nzima badala ya kusimama ni fedha iliyotumika vizuri siku ambayo miguu imechoka, lakini ukifanya kila siku ni 13,000 kwa mwezi, ujue umeichagua.

Kuna pia kukatisha ruti, ambako abiria wengi hukutafsiri kuwa ni ukorofi wa konda. Chanzo chake ni hesabu. Dereva anadaiwa na mwenye gari kiasi maalumu kila jioni, mafuta ni yake, na wakati wa msongamano safari fupi mbili zinalipa kuliko ndefu moja. Kwa hiyo anakushusha njiani, anageuza, na wewe unalipa nauli upya kwa gari linalofuata. Dawa yake ni kuuliza kabla hujapanda, kwa sauti, mbele ya abiria wengine: "Mnafika mwisho?" Usitoe nauli mlangoni. Itoe mkishavuka nusu ya safari, na ukiwa na hela kamili ili usidai chenji wakati wa kushuka. Ruti imeandikwa ubavuni mwa gari na kwenye leseni yake, na kuikatisha ni kosa. Piga picha namba ya gari, andika saa na mahali, peleka LATRA kwa namba ya bure iliyobandikwa ndani ya gari. Wakiripoti watu kumi gari lilelile, hatua huchukuliwa.

Na ongea na mkuu wako wa kazi. Ofisi za serikali hufunguliwa saa 1:30 na kufungwa saa 9:30. Anayetoka saa 9:30 na anayetoka saa 11 wanaishi katika miji miwili tofauti. Ukiruhusiwa kuingia mapema na kutoka mapema kwa saa moja na nusu, hata kwa siku tatu za wiki, utakuwa umepata zaidi ya ambacho IST ingekupa. Iombe kwa maandishi, kwa mwezi mmoja wa majaribio.

Mvua ndiyo mtihani. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na udhaifu wa Morogoro Road unajulikana: Jangwani, bonde la Mto Msimbazi, kati ya Magomeni na Fire. Mto ukifurika barabara hufungwa, na mwendokasi hukatika vipande viwili. Karakana ya mabasi yenyewe ilijengwa bondeni humo, kwa hiyo baadhi ya siku hata mabasi huchelewa kutoka. Usisubiri Magomeni ukiomba maji yapungue. Shuka Magomeni, panda linalopita Barabara ya Kawawa hadi Morocco, kisha Ali Hassan Mwinyi hadi Posta kupitia Salenda. Jioni ifuate njia hiyo kinyumenyume. Hii ndiyo njia ya pili niliyokuwa nikiizungumzia, na uifanyie safari moja siku ya jua ili siku ya mafuriko usiwe unauliza. Teksi ya kwenye simu iite kabla mvua haijashuka, wingu likiwa jeusi. Mvua ikishaanza bei hupanda na madereva huanza kufuta safari. Kazini weka jozi ya viatu na soksi kwenye droo. Ndala na mfuko wa plastiki wa simu vikae kwenye mkoba.

Mizigo ni jambo dogo kuliko watu wanavyodhani. Gawanya manunuzi mara mbili. Vikavu na vizito, yaani mchele, unga, sukari, mafuta ya kula, sabuni, maharage, nunua mara moja kwa mwezi kwa jumla, halafu kodisha kirikuu, mkiwezekana na majirani wawili, mgawane. Patana bei kabla mzigo haujapakiwa, na ulizia waziwazi kama ndani yake kuna kubeba na kushusha, kwa sababu hapo ndipo ugomvi hutokea: mwenye kirikuu anaendesha tu, wabebaji wana bei yao. Mboga, nyanya, samaki na matunda chukua gengeni kila siku ya pili. Gesi ya kilo 15 usiifuate dukani kabisa. Wauzaji wengi wa mtaani huleta kwa boda, nawe unachofanya ni kukagua lakiri kabla hajaiunganisha na kumwomba apake povu la sabuni kwenye regyuleta muone kama kuna mapovu yanayofura. Friji, kitanda au mabati, tafuta guta au kirikuu siku hiyohiyo.

Shule ya watoto iwe ya kutembea. Ningependa mzazi alisikie hili kuliko mengine yote niliyoandika. Gari la shule linalomchukua mtoto wa miaka 6 saa 11 alfajiri na kuzunguka mitaa saa moja na nusu linamnyima usingizi anaouhitaji, na ndilo gharama ambayo mara nyingi huwasukuma wazazi kununua gari lao. Mnapotafuta nyumba, tafuteni shule kwanza, kisha chora duara la dakika 15 kwa miguu kwa mwendo wa mtoto, kisha tafuta nyumba ndani yake. Kama gari la shule halikwepeki, lione kabla hujalipa: kila mtoto ana kiti chake, kuna matroni anayewashusha na kuwavusha, na kuna mtu anayehesabu watoto mlangoni kabla dereva hajaondoka. Huyo wa miaka 11 akipanda daladala, nauli ya mwanafunzi ni 200. Awe na sare na kitambulisho, na afundishwe asigombane na konda anayemkatalia, asubiri linalofuata na akwambie namba ya gari.

Bodaboda kwa watoto, hapana. Mshikaki wa mzazi na watoto wawili nyuma ya dereva ndiyo picha ya kila asubuhi Dar, na ndiyo ajali ninayoiogopa kuliko zote. Kwa watoto tumia bajaji, iliyo na leseni ya abiria watatu. Wewe ukipanda boda, nunua kofia ngumu ya kwako inayokukaa na ufunge kamba kidevuni, kwa sababu ile ya dereva imevaliwa na wengi na kamba yake mara nyingi imekatika. Kaa ukiwa umepanua miguu, siyo upande. Ukivaa sketi ya kubana, vaa suruali chini yake au chukua bajaji.

Sasa mtoto kuugua usiku. Gari nyumbani linasaidia ikiwa kuna mtu wa kuliendesha, lina mafuta, na anayeliendesha hana hofu mtoto akitapika kiti cha nyuma. Kinachookoa kweli ni maandalizi. Wajue madereva watatu wanaolala mtaani kwenu, wawili wa bajaji na mmoja wa teksi. Wape kazi za mchana mara kwa mara ili wakufahamu, walipe vizuri, na uwaulize bila aibu: "Nikikupigia saa 8 usiku utapokea?" Atakayesita, mfute. Namba zao ziandikwe kwenye karatasi na zibandikwe ukutani, maana simu huzimika na dada wa kazi hana majina uliyoyahifadhi wewe. Karatasi hiyo iwe pia na jina la kituo cha afya cha karibu kinachopokea wagonjwa saa 24, na cha pili kikubwa zaidi. Kwa upande wa Kimara na Mbezi, hospitali ya Mloganzila inafikiwa kwa barabara hiyohiyo na usiku hakuna foleni. Weka 50,000 taslimu kwenye bahasha pamoja na kadi za bima au kliniki za watoto. Na mkiwa na mjamzito nyumbani au kichanga cha siku chache, andikeni 115, namba ya bure ya m-mama, ambayo hupanga usafiri wa dharura wa mama na mtoto mchanga kwenda hospitali.

Kuna hali ambazo ningekwambia nunua. Kama mmoja wenu anafanya zamu za kutoka saa 7 usiku, kama kuna mtu nyumbani asiyeweza kutembea kabisa, kama biashara yako ni ya kubeba vitu kila siku na gari linaingiza hela, au kama mmejenga kwenu huko ndani na hamna mpango wa kupanga tena. Hata hapo ningependa mnunue kwa akiba. Zile 490,000 za tofauti, ukitoa 70,000 za kuhama, zinabaki 420,000. Kwa miezi 36 ni zaidi ya milioni 15. Unanunua IST hiyohiyo taslimu, au unanunua kiwanja. Safari za mbali zisikusukume. Stendi ya Magufuli iko Mbezi Luis, kwa mumeo, na tangu Julai 2024 treni ya umeme inakwenda Dodoma kwa saa nne hivi au pungufu. Msiba wa Morogoro au harusi ya Moshi, kodini Noah ya ukoo mzima na dereva wake, mchangiane.

Mama mkwe mpangie kwanza kabisa kwenye ile 200,000, kwa sababu safari yake inajulikana mwezi mzima kabla. Mchukulie teksi mlango hadi mlango wakati wa kwenda, kwa dereva yuleyule unayempigia usiku, bei mkipatana siku moja kabla, na muondoke alfajiri mapema ili mkae kwenye foleni ya kliniki badala ya foleni ya barabarani. Wakati wa kurudi inategemea miguu yake. Saa 5 hadi saa 8 mchana mabasi ya mwendokasi huwa na nafuu, na jukwaa la kituo liko usawa wa sakafu ya basi, hakuna ngazi ya kupandia kama ya daladala, kwa hiyo mzee mwenye magoti mabovu anaingia akitembea. Chukueni bajaji hadi kituo cha Fire, mpandie hapo. Mpitishe mlango wa mbele, karibu na dereva, muombee kiti kwa sauti, na mshuke Kimara wakati basi limesimama kabisa, asinyanyuke mapema. Siku ambayo daktari amemchoma sindano au amemwongezea dawa mpya ya presha, asipande basi. Rudi naye kwa teksi, ndiyo kazi ya hela ile.